Sanduku la mitandio: kisa cha Halima Aden kuacha jukwaa

Mwishoni mwa Novemba 2020, dunia ikiwa bado imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Halima Aden alianza kuzipitia upya picha za kazi yake ya miaka minne. Aliziweka hadharani kwenye Instagram, moja baada ya nyingine, na kila picha akaitolea maelezo. Hapa nilikuwa mimi. Hapa sikuwa mimi. Hapa nilijiona nimeachwa peke yangu. Mfululizo ule ulipofika mwisho, watu walikuwa wameshaelewa: mwanamitindo wa kwanza mwenye hijabu kupata jina kubwa duniani alikuwa anaaga. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Habari hiyo ilienea kama habari ya dini. Msichana wa Kiislamu ameona dunia ya mitindo haipatani na imani yake, ameirudia swala yake, mambo yamekwisha. Dini imo, tena iko katikati kabisa, na yeye mwenyewe ndivyo alivyosema. Lakini nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara macho yangu yanatua mahali pengine: kwenye mkataba. Halima hakuingia kwenye kazi hii kwa kubahatisha. Aliingia na masharti yaliyoandikwa, yakakubaliwa na kutiwa saini. Yalilegeaje basi, wakati hakuna mtu aliyeyafuta? Hilo ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa sababu wako mabinti wengi wenye lugha tatu na nyumbani kuwili ambao wanaingia redioni, kwenye televisheni na kwenye mashirika ya kijamii wakidhani kwamba sharti likishaandikwa limeshalindwa.

Tuanzie alikotoka. Halima alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Wazazi wake ni Wasomali waliokimbia vita. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan kwa miguu, kisha ikapokea Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengine. Alikulia humo mpaka alipokaribia miaka saba, akizungumza Kisomali na Kiswahili.

Hapa nisimame kidogo. Magazeti mengi ya Kiingereza, yakimwandika Halima na hata yakiiandika kambi yenyewe, hueleza kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwepo. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba neno hilo halipo katika lugha yetu. Kakuma ni jina la mahali, na mahali hapo wenyeji wake ni Waturkana. Hata hivyo maelezo yale yamenakiliwa kutoka gazeti hadi gazeti, kwa kuwa yanapendeza kuandikwa: msichana kutoka pasipo mahali amefika majaladani. Naliona hili kuwa jambo zito. Tangu jina la alikozaliwa, kisa chake kilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuona haja ya kuuliza.

Mwaka 2004 familia ilihamia Marekani, kwanza St. Louis, kisha St. Cloud katika jimbo la Minnesota, ambako kuna jamii ya Wasomali iliyo kubwa kuliko jimbo lolote la nchi ile. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza na kumaliza shule, na ndiko alikofanya kazi ya usafi hospitalini. Aliposhinda taji la umalkia wa sherehe ya shule, msichana wa kwanza mwenye hijabu kushinda pale, mama yake hakufurahi hata kidogo. Halima amesimulia kwamba mama alilivunja lile taji kwa mikono yake, akimwambia kwamba anajishughulisha mno na marafiki na mashindano ya urembo badala ya masomo. Hata baadaye, mwanawe alipokuwa kwenye majalada, mama aliendelea kumwomba aache.

Mwaka 2016 Halima alijitosa katika mashindano ya urembo ya jimbo, Miss Minnesota USA, akiwa amevaa hijabu, na kwenye mzunguko wa mavazi ya kuogelea akapanda jukwaani na burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili. Alifika nusu fainali. Hakushinda, lakini picha zake zilizunguka dunia, na muda si mrefu wakala mkubwa wa wanamitindo, IMG, akamtaka.

Hapo ndipo palipo na mkataba. Kwa jinsi alivyousimulia mwenyewe, vifungu viwili vilikuwa vyake. Kwanza, hatalazimishwa kamwe kuvua hijabu. Pili, popote atakapofanya kazi atatengewa mahali pake pa faragha pa kubadilishia nguo. Alisema alikuwa tayari kugeuka na kurudi nyumbani kama wangekataa. Alikuwa msichana wa miaka 19 aliyekuwa akipiga deki hospitalini, naye anaiambia kampuni ya kimataifa hivi ndivyo nilivyo, mkitaka tufanye kazi, msipotaka basi. Nampa heshima yote kwa hilo. Watu wazima wengi wenye shahada hawajawahi kuyasema maneno hayo mbele ya mwajiri.

Na wakati wenyewe uangaliwe. Januari 2017 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwa mojawapo, na mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Wiki chache baadaye, Februari, Halima alipita jukwaani New York katika onyesho la Kanye West, kisha akaenda Milan. Juni alikuwa kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue Arabia, na Mei 2018 kwenye la Vogue ya Uingereza pamoja na wanamitindo wengine. Alikuwa Msomali, mkimbizi, Mwislamu na Mmarekani kwa pamoja, katika majira ambayo maneno hayo manne yalikuwa yakigombanishwa kila siku kwenye habari. Kila mtu alitaka kusimama karibu naye. Jambo hilo lilimfungulia milango, na nadhani pia ndilo lililoficha ufa: unapotakiwa na kila mtu, ni vigumu kuona nani anakutaka wewe na nani anataka picha yako.

Katika kazi zake za mwanzo Halima alikuwa akifika na sanduku. Ndani yake mlikuwa na hijabu zake mwenyewe, magauni marefu na sketi ndefu. Kwenye kampeni yake ya kwanza, ya vipodozi vya Rihanna, alijifunga hijabu yake nyeusi ya kawaida aliyotoka nayo nyumbani. Mimi kisa chote nakiona ndani ya sanduku hilo. Maadamu alikuwa akilibeba, hakukuwa na mjadala. Mtu wa mavazi angeweza kuleta anachotaka. Kichwani ni kile kilichotoka sandukuni.

Kadiri alivyopanda, sanduku lilibaki nyumbani. Kampuni kubwa huja na watu wao wa kuvalisha, vitambaa vyao, na fikra waliyokwisha kuiuza kwa mteja. Halima ameeleza kwamba mwaka hadi mwaka hijabu ilizidi kupungua. Shingo ikaonekana, kifua nacho. Kuna picha ambayo kichwani amefungwa suruali ya jinzi. Si mtandio wenye rangi ya jinzi. Ni suruali yenyewe, imezungushwa na kukazwa kama kilemba, na chini yake uso wa msichana.

Sasa usome tena kile kifungu: hatalazimishwa kuvua hijabu. Siku ile ya jinzi, nani alikivunja? Hakuna aliyemvua. Nywele zilikuwa zimefunikwa. Mtu wa mavazi angeweza kukutazama machoni na kukuambia kwamba masharti yote yametimizwa, naye angekuwa anaamini anachosema. Kifungu kilikataza jambo moja, kuvua, na kikanyamaza juu ya mambo mengine yote: hijabu ni nini, nani anaijua, nani anachagua kitambaa, nani mwenye neno la mwisho asubuhi ile taa zimeshawashwa na watu thelathini wanasubiri.

Kwa mwanamke anayejistiri, hijabu haiishii kwenye kitambaa kinachofunika nywele. Mama yake Halima angekueleza hilo kwa sentensi moja, na bibi yeyote wa Lamu au Garissa vilevile. Lakini ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu wa kulieleza isipokuwa Halima mwenyewe, naye alikuwa ndiye anayepigwa picha. Katika maelezo yake ya kuaga alilitaja hili waziwazi, kwamba walikosekana wanawake wa Kiislamu miongoni mwa wanaovalisha. Alijilaumu pia, akisema alijali zaidi nafasi aliyopewa kuliko kile kilichokuwa hatarini. Lawama hiyo ya pili naipokea nusu. Kila safari ya kulegea ni ndogo: leo inchi mbili, kesho rangi, keshokutwa kitambaa kigeni. Kukataa inchi mbili mbele ya watu thelathini waliochoka kunamfanya mtu aonekane mkorofi, na msichana aliyebebeshwa jina la wa kwanza ana hofu moja kubwa, asije akawa pia wa mwisho.

Kifungu cha pili, cha faragha, kilienda vizuri zaidi, na hapo ndipo kilipomuumiza kwa namna nyingine. Yeye alitengewa mahali pake. Baada yake wakaja wasichana wengine wenye hijabu, wadogo kuliko yeye, waliopata moyo kwa kumwona. Aliwasikia wakiambiwa wajitafutie choo wakabadilishie huko.

Nimelifikiria sana hilo la chooni. Milango ilikuwa imefunguliwa, kwa jinsi magazeti yalivyosema. Wasichana waliingia, halafu wakakuta kwamba aliyefunguliwa ni mtu mmoja. Kifungu kilikuwa mali ya Halima, kwenye karatasi ya Halima. Kazi ile haikuwa imebadilisha utaratibu wake. Ilikuwa imetoa ruhusa maalumu kwa mgeni mashuhuri. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa kidole chenyewe kilikuwa kimevishwa pete ili kisihitaji vingine. Katika hafla za usiku, anasema, alijikuta akigeuka dada mkubwa, akimshika mkono binti fulani mwenye hijabu na kumtoa katikati ya wanaume waliomzunguka. Hiyo ni kazi ya ulinzi ambayo hakuna mkataba uliomlipa kwayo.

Linganisha na jambo lililotokea katika jimbo lilelile, miaka ileile. Novemba 2018 wapiga kura wa Minnesota walimpeleka Ilhan Omar katika Bunge la Wawakilishi la Marekani. Naye ni mzaliwa wa Somalia aliyewahi kuwa mkimbizi Kenya, miaka minne katika kambi ya Utange karibu na Mombasa. Bunge hilo lilikuwa na kanuni tangu mwaka 1837 iliyokataza kuvaa chochote kichwani ndani ya ukumbi. Wangeweza kumpa yeye ruhusa yake. Badala yake, Januari 2019 kanuni yenyewe ilirekebishwa, mavazi ya kidini ya kichwani yakaruhusiwa. Ilhan akiondoka kesho, atakayemfuata haombi kitu. Simlaumu Halima kwa kutofanya vivyo hivyo. Dunia ya mitindo haina ukumbi wa kupigia kura. Ila tofauti kati ya ruhusa na kanuni ndiyo tofauti kati ya yule binti wa chooni na mbunge anayeapishwa akiwa na mtandio wake.

Tuje kwenye utumishi wa jamii, sehemu ambayo waandishi wengi wameipita haraka, na kwangu ndiyo inayouma zaidi.

Halima alikuwa balozi wa UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto. Kwa mama yake, na hilo amelieleza mwenyewe, huo ndio uliokuwa upande wenye maana wa kazi yote: kama jina linaweza kumfaa mtoto wa kambini, basi hizo picha zina kazi. Mwaka 2018 alirudi Kakuma kutoa hotuba katika mkutano wa TEDx, mkutano wa hotuba fupi, uliofanyika ndani ya kambi. Fikiria safari hiyo. Mtoto aliyeondoka na familia yake wakiwa hawana kitu anarudi akiwa na jina linalojulikana Milan na London.

Utotoni, watu mashuhuri walipozuru Kakuma, Halima na wenzake walikuwa wakipangwa kuimba na kucheza mbele yao. Safari hii aliwauliza watoto aliowakuta kama mambo bado ni yaleyale, kama bado wanaimba na kucheza wageni wakija. Walimjibu ndiyo. Na wakamwambia kwamba mara hii hawachezi kwa ajili ya wageni wengine. Wanacheza kwa ajili yake.

Sisi tuna msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni ni heri. Akija, chungu kinainjikwa na hata mtoto wa nyumba anapata kinono siku hiyo. Mtoto wa Kakuma aliyemwimbia mgeni alikuwa na haki ya kutarajia kupona kidogo. Halima aliueleza upungufu wa kupona huko kwa namna ambayo sijaweza kuisahau, katika mahojiano na BBC Januari 2021: alijua kuandika herufi za jina la UNICEF kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe. Jina lake alikuwa akiliweka kwa alama ya X. Penseli ya kwanza, kitabu cha kwanza, begi la kwanza la shule, anasema alivipata Minnesota.

Niseme kwa haki. UNICEF ilipoulizwa ilimshukuru kwa miaka aliyoshirikiana nayo na kumsifu kama sauti ya haki za watoto. Na kambi kubwa kama Kakuma haiendeshwi na shirika moja. Chanjo, maji na madarasa vinatoka mifuko mingi, na wako watu wanaotoa jasho lao pale kila siku bila kupigwa picha. Maneno ya Halima ni ushahidi wa mtoto mmoja juu ya utoto wake. Lakini ni ushahidi, tena wa mtu aliyekaa pande zote mbili za uwanja, kwanza akiwa mchezaji na baadaye akiwa mgeni wa heshima. Watu wa namna hiyo ni wachache mno duniani, na ilipasa asikilizwe kama mtaalamu. Alipewa ubalozi. Balozi husema, hapangi.

Mwisho ulikuja mwezi huohuo wa Novemba 2020. Kwa ajili ya Siku ya Watoto Duniani alizungumza kwa video na watoto wa Kakuma, katikati ya janga, naye amesema kwamba baada ya mazungumzo hayo aliamua asiendelee. Siku chache baadaye zikaja zile picha na maelezo yake.

Wapo waliomwona mkosa shukrani: umechukua umaarufu, umechukua fedha, sasa unatukana chungu. Sioni hivyo hata kidogo. Aliyepita njia akakuta shimo, asipolisema, atakayetumbukia ni yule anayemfuata kwa kumwamini. Wapo wengine, hasa mabinti wenye hijabu waliokuwa wakianza kazi, walioona kama wameachwa, na hao nawaelewa zaidi. Walimhitaji abaki. Tatizo ni kwamba kubaki kulimtaka aendelee kuwa yeye peke yake yule ambaye kwa picha yake watu wote wangesema kila kitu kiko sawa.

Binti anayeingia kesho kwenye studio, na ambaye watu watamwita wa kwanza wa aina yake, akiniuliza aandike nini kwenye mkataba, kutokana na kisa hiki ningemjibu hivi. Asiandike tu kile ambacho hatafanyiwa. Aandike nani anaamua. Kama ni vazi, lielezwe kwa urefu na kitambaa, na mtu wa kulivalisha awe anayelijua, alipwe na wao. Kama ni lugha, iandikwe nani anapitisha tafsiri ya maneno yake kabla hayajatoka, maana tumeona Kakuma ilivyogeuzwa. Aulize kama anayemfuata atapata hayohayo, na kama jibu ni kwamba hayo ni yako wewe tu, ajue amepewa ruhusa. Akiitwa kuwa balozi wa shirika, aombe kiti kwenye kikao kinachopanga kazi, hata kama ni kiti kimoja nyuma ya mlango. Na awe na mtu wa nyumbani wa kumwonyesha picha kabla hazijachapwa, mtu asiyevutiwa na jalada. Halima alikuwa naye mtu huyo tangu mwanzo, yule aliyevunja taji.

Hakuuacha ulimwengu wa mavazi moja kwa moja. Mwaka 2021 alijiunga na Modanisa, kampuni ya Uturuki ya mavazi ya stara kwenye intaneti, ambayo mwaka 2019 ilikuwa imeshatoa mkusanyiko wa mitandio kwa jina lake.